Safisha zulia na makochi kwa gharama ndogo bila kuumiza kifua

Aghalabu mtu akitaka kusafisha zulia nyumbani huanza na ndoo ya maji. Humwaga sabuni ya unga, akasugua kwa brashi mpaka povu litande, akamwagia maji ya kusuuza, kisha akaliacha likauke lenyewe. Kwa zulia dogo linaloweza kuanikwa kwenye kamba, njia hiyo inafaa. Lakini kwa zulia zito lililotandikwa sebuleni, au kochi lenye sponji nene, yaweza kuuletea mji wako maradhi ambayo hayakuwako.

Kinachoumiza kifua si lile doa la chai linalokuaibisha wageni wakija. Ni vumbi lililojificha ndani ya nyuzi, pamoja na utitiri unaoishi humo. Wadudu hawa ni wadogo mno, kiasi cha robo ya milimita, na huwezi kuwaona kwa macho. Hawaumi mtu. Chakula chao ni vipande vya ngozi vinavyopukutika miilini mwetu kila siku. Taabu ni kinyesi chao, ambacho hukauka na kupeperuka kila mtoto anaporuka kwenye kochi. Mwenye pumu akikivuta, kifua humbana. Wengine hupiga chafya na kuwashwa macho.

Utitiri huu haunywi maji kama wadudu wengine. Huyafyonza kutoka kwenye hewa yenye unyevu. Ndiyo maana Mombasa humpa makao mazuri mwaka mzima, ilhali Nairobi hunawiri zaidi wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei. Hewa ikiwa kavu kwa muda mrefu, hukauka na kufa. Sasa fikiria zulia uliloliloweka kwa ndoo tatu za maji na likakaa siku mbili bila kukauka. Umeondoa doa, lakini umeukaribisha utitiri. Isitoshe, kuvu huweza kuanza kuota kwenye kitambaa kilicholowa katika muda wa saa 24 hadi 48, na mbegu zake nazo huchokoza kifua.

Kwa hivyo anza na usafi wa kavu. Siku ya jua, toa zulia nje, liangike kwenye ukuta au waya za juu ya ghorofa, na ulipige kwa fimbo upande wa nyuma ili vumbi lisukumwe litoke upande wa manyoya. Anayepiga ajifunge leso puani, na mwenye pumu awe mbali kabisa. Acha jua lilichome pande zote mbili. Majirani wa chini wakilalamika, na watalalamika, waarifu mapema waanue nguo zao.

Kochi huwezi kulipandisha juu ya paa. Chukua shuka kuukuu, ilowe kwa maji na uikamue sawasawa, kisha itandaze juu ya kiti na upige kwa kiganja au mwiko. Vumbi litanaswa na shuka badala ya kurukia hewani. Ukiigeuza utashangaa rangi yake. Isuuze na urudie hadi itoke ikiwa safi. Vile vitambaa vya kufuma tunavyovitandaza juu ya makochi vifuliwe kila wiki kwa maji moto, kama nyuzi zake zinastahimili. Maji ya nyuzi 60 huua utitiri. Maji baridi huuosha tu, na baadhi yake hubaki hai.

Harufu nayo ina dawa yake, ile soda ya kupikia iitwayo baikaboneti. Nyunyiza kikombe kimoja juu ya zulia kavu, isambaze kwa brashi, iache kwa nusu saa au hata usiku kucha, kisha ifagie au uivute kwa mashine ya umeme kama unayo. Soda hii hutuliza asidi zinazoleta harufu. Haiui utitiri wala kunguni, hata ukisikia vinginevyo sokoni. Tena usiichanganye na magadi, yale ya kulainishia maharagwe yatokanayo na chumvi ya maziwa kama lile la Magadi, katika Kaunti ya Kajiado. Magadi ni makali zaidi na huharibu zulia la sufu. Bekin pauda pia haifai, kwa kuwa ina wanga ambao hunata ukipata maji.

Pahali pachafu panahitaji povu, si maji. Tia vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika nusu lita ya maji vuguvugu, koroga kwa nguvu, kisha uchote povu peke yake kwa sponji. Paka, sugua polepole, futa kwa kitambaa chenye unyevu, na umalizie kwa taulo kavu huku ukikandamiza kwa mguu. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, kwani rangi za vitambaa vingine hutoka.

Chai ya maziwa ikimwagika, ifyonze kwa kitambaa upesi na utumie maji baridi. Maji moto huyagandisha maziwa ndani ya nyuzi. Damu vivyo hivyo. Mafuta ya chapati yafunike kwa unga wa muhogo au soda mpaka yanywewe, kisha upeleke povu. Nta ya mshumaa uliowashwa stima zilipopotea, iache igande, ikwangue, halafu weka karatasi ya kaki na upitishe pasi isiyo na moto mwingi. Mazulia mengi yetu ni ya nyuzi za plastiki na huyeyuka.

Mkojo wa mtoto ndio huleta hatari ambayo wengi hawaijui. Ufyonze, pangusa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji mara mbili yake, kausha, na siku ya pili unyunyize soda. Usiimwage siki na soda kwa pamoja ukidhani nguvu zitaongezeka. Zitatoa mapovu mengi ya kupendeza, lakini huuana, na kinachobaki karibu ni maji ya chumvi tu.

Jambo la kuogopa ni kuchukua Jik au dawa nyingine ya klorini na kuimwaga juu ya mkojo huo. Mkojo una amonia, na ikikutana na klorini hutokea gesi inayounguza macho na mapafu. Klorini na siki nazo hutoa gesi ya sumu. Katika chumba kimoja kilichofungwa madirisha, mwenye pumu anaweza kuzidiwa kwa dakika chache. Ikitokea, toka nje na wote waliomo, acha mlango wazi, na anayekohoa bila kukoma au kubanwa na kifua apelekwe hospitalini mara moja. Mafuta ya taa na petroli wanayotumia baadhi ya mafundi kuondoa lami na gundi yasiingie nyumbani kabisa: mvuke wake huwaka jiko likiwa hata chumba cha pili, na mtoto akiyakuta kwenye chupa ya soda atayanywa.

Fanya kazi hii asubuhi, siku isiyo na mawingu, madirisha yakiwa wazi. Inua viti vya kochi visimame wima ili hewa ipite. Jioni tia mkono chini ya zulia. Ukihisi ubaridi wa unyevu, liinue juu ya viti likeshe hivyo. Likinuka uvundo wiki ikiisha, kuvu imeshaingia, na zulia la kutoka ukuta hadi ukuta juu ya saruji yenye unyevu ni heri ling'olewe.

Kwa mtoto mwenye pumu, chumba cha kulala kisicho na zulia, chenye sakafu ya kupigwa deki, ni rahisi zaidi kukitunza kuliko chenye zulia linalosafishwa kila mwezi. Na hata nyumba ikimetameta, asiachishwe dawa yake ya kuvuta mpaka daktari aseme.