Gari ya umeme Bunia: baridi si adui, adui ni vumbi na hesabu mbaya

Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, Bunia inageuka nyekundu. Vumbi inaingia mu nyumba, mu chakula, mu pua za watoto. Asubuhi mutu anatoka na koti, saa sita analivua. Na kila wakati kuna mwenzetu anayetoka kwenye machimbo na fedha kidogo, anawaza kununua gari ya teksi, na anauliza: ile ya umeme, isiyokunywa esansi, itavumilia hapa kwetu? Swali ni la maana, juu fedha ya shimo haipatikani mara mbili.

Gari za namna hiyo ziko bado chache sana huku. Lakini kwa majirani zimekwisha kujaribiwa. Nairobi, teksi za NopeaRide zilianza mwaka wa 2018 na Nissan Leaf. Kigali, Volkswagen ilileta e-Golf mwaka wa 2019. Miji hiyo miwili iko kwenye milima kama yetu, na asubuhi zake ziko baridi. Sisi tuchukue Leaf kama mfano, ile ya kwanza yenye batri ya kilowati-saa 24, juu nyingi zinatoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika na bei yake imeshuka.

Baridi yetu ni ya kirafiki

Baridi inayokula nguvu ya batri ni ile ya Ulaya, ambako maji yanakuwa barafu. Asubuhi ya Bunia haifiki huko. Batri inapenda hewa ambayo hata mutu anaipenda: si baridi kali, si joto kali. Batri ya Leaf haina maji ya kuipoza, ndiyo maana joto njo inaizeesha mbio. Kwa hiyo hapa juu inaishi vizuri kuliko kule Kasenyi, pembeni ya ziwa. Ukishuka kule, weka gari kwenye kivuli, uiache ipumzike mbele ya kuichaji.

Kinachopoteza umeme asubuhi ni mashini ya kupasha joto ndani ya gari. Inachota mu batri ile ile inayozungusha magurudumu. Vaa koti, funga dirisha, inatosha. Tena, panga kuchaji kuishe karibu na saa ya kuondoka, ili batri ianze safari ikiwa na joto kidogo. Na kama hauna safari ndefu, usiijaze mpaka mwisho kila siku: kati ya 20 na 80 kwa mia ni vizuri.

Vumbi inakaa fasi gani

Hapa gari ya umeme inashinda ile ya esansi kwa jambo moja: moteri yake haivuti hewa, basi vumbi haiingii ndani kuisaga. Lakini vumbi haikosi fasi ya kukaa.

Ya kwanza ni tundu la kuchajia. Vumbi ikikutana na umande wa asubuhi inakuwa tope, na tope kwenye umeme ni hatari. Funga kifuniko kila mara, pangusa kwa burashi laini na kavu, usipige maji ya nguvu pale hata kidogo.

Ya pili ni radiateri ya mbele, inayopoza moteri na vyombo vyake. Ikizibwa, gari inapunguza nguvu yenyewe. Ya tatu ni filtri ya hewa ya ndani: ukipita nyuma ya kamio, geuza hewa izunguke ndani tu, kisha piga filtri ile vumbi itoke kila juma wakati wa jua.

Ya ine watu wanaisahau: freni. Gari hii inapunguza mwendo kwa moteri, na moteri inarudisha umeme mu batri. Basi plaketi za freni hazitumiki sana, vumbi na kutu vinazikamata. Fundi azifungue na kuzisafisha mbele ya mvua kuanza.

Neno moja kwa mafundi wetu hodari: kamba za rangi ya machungwa zinabeba volti zaidi ya 300. Asiyefundishwa kazi hiyo asiziguse.

Hesabu ya kurudi

Mnunuzi wa dhahabu hapimi kwa macho. Na wewe usinunue Leaf kwa kuangalia rangi. Washa gari, angalia kwenye kioo cha dereva vijistari 12 vidogo pembeni ya kipimo cha batri. Kile cha kwanza kinapotea batri ikipoteza karibu 15 kwa mia. Vikibaki 8, batri imebakiza kama theluthi mbili tu: kilowati-saa zipatazo 14.

Sasa tuhesabu safari ya Bunia kwenda Kasenyi, karibu kilometa 60 kupitia Bogoro. Gari hiyo inakula kilowati-saa 15 mpaka 18 kwa kilometa 100, na barabara mbaya inaongeza. Kuenda, unashuka zaidi ya meta 600, moteri inarudisha kidogo, bora tu usiondoke na batri iliyojaa kabisa, juu haitakuwa na fasi ya kupokea. Lakini kurudi, kupandisha gari ile mlima peke yake kunakula karibu kilowati-saa 3 juu ya zile za njia. Kwa hiyo ukiwa na 14, unafika Kasenyi vizuri, na bila kuchaji kule haurudi. Tangu Ituri iwekwe chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, kila jamaa inajua maana ya kulala njiani. Gari kama hiyo ni ya teksi ndani ya mji. Na kila asubuhi pima pine zikiwa baridi: bari 2,5. Pine laini inakula kilometa zako.

Umeme utatoka wapi?

Prize ya nyumba ya ampere 10 inatoa kama kilowati 2. Kwa 14 utahitaji saa 7 au 8. Hakikisha nyumba ina waya wa ardhi, juu bila huo vifaa vingi vya kuchaji vinakataa. Gurupu ndogo ya esansi inakunywa karibu nusu litre kwa kilowati-saa 1: litre 7 kwa batri yako. Kwa litre hizo 7 gari ya kawaida inatembea kilometa zile zile 80. Faida iko wapi?

Faida iko kwenye jua. Paneli 10 za wati 400 zinaweza kutoa karibu kilowati-saa 15 kwa siku nzuri. Lakini vumbi ikizifunika zinapungua, basi watoto wazipanguse kwa maji asubuhi, mbele ya jua kuzipasha moto.

Kwa hiyo mbele ya kutoa fedha, uliza mambo matatu: vijistari vimebaki ngapi, njia yangu ni kilometa ngapi kuenda na kurudi, na umeme wangu unatoka wapi. Kama jibu moja linakosa, ngoja kwanza.