Mtetemo wa moyo: Kidonge cha zamani kilivyokishinda kipya

Agosti 2022, katika mkutano wa mwaka wa madaktari wa moyo wa Ulaya uliofanyika Barcelona, Hispania, yalitangazwa matokeo ya utafiti uliopewa jina la INVICTUS. Kwa wagonjwa wenye mtetemo wa moyo, watafiti walilinganisha dawa mbili za kuzuia damu kuganda: warfarini, iliyoanza kutumiwa na binadamu miaka ya 1950, na rivaroksabani, dawa ya kizazi kipya. Walitarajia kwamba dawa mpya, kwa uchache, ingefanya kazi sawa na ile ya zamani. Ikawa kinyume. Waliotumia warfarini waliishi muda mrefu zaidi.

Habari hii inatuhusu sana watu wa Afrika Mashariki. Wagonjwa wa utafiti ule walifanana na wanaofika kwenye kliniki zetu za moyo: wengi ni wanawake, hawajawa wazee, na vali za mioyo yao, yaani milango inayoongoza damu, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi waliyougua utotoni.

Moyo unapotetema

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu, yaani atiria, hupokea damu. Viwili vya chini, yaani ventrikali, huisukuma kwenda mapafuni na mwilini. Kila pigo huanzishwa na cheche ya umeme inayotoka sehemu moja ya atiria ya kulia na kusambaa kwa utaratibu. Katika ugonjwa wa mtetemo wa atiria, cheche nyingi huzuka ovyo kwa wakati mmoja. Atiria hushindwa kubana na kubaki zikitetema, na mapigo hukosa mpangilio.

Mgonjwa anaweza kuhisi moyo ukienda mbio, kuchoka upesi, kuishiwa pumzi au kupata kizunguzungu. Wengine hawahisi chochote, hadi siku wanapopata kiharusi. Atiria isipobana vizuri, damu hutuama ndani yake, hasa katika kifuko kidogo kilicho upande wa kushoto. Damu iliyotuama huganda. Bonge la damu likichomoka linaweza kufika kwenye ubongo, likaziba mshipa na kuua sehemu ya ubongo iliyokuwa ikitegemea mshipa huo.

Utafiti wa miaka mingi uliofanyika katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kuwa mtetemo wa atiria huongeza hatari ya kiharusi mara 5 hivi. Kwa wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, hatari ilifika mara 17.

Matibabu yana sehemu tatu: kupunguza kasi ya mapigo, kujaribu kurudisha mpangilio wake, na kuzuia damu isigande. Kwa muda mrefu madaktari walibishana kuhusu mbili za kwanza. Mwaka 2002, utafiti wa AFFIRM uliohusisha wagonjwa 4,060 ulionyesha kuwa kurudisha mpangilio kwa dawa hakukuwaongezea maisha kuliko kudhibiti kasi tu. Mwaka 2020, utafiti wa EAST-AFNET 4 wa huko Ulaya, wenye wagonjwa 2,789, ulionyesha kuwa kurudisha mpangilio kuna faida kukianza mapema, ndani ya mwaka mmoja tangu ugonjwa ugundulike. Lakini katika sehemu ya tatu hakuna ubishi: mgonjwa aliye katika hatari ya kiharusi anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Swali ni ipi.

Walioachwa nje ya utafiti

Kati ya 2009 na 2013 yalitoka matokeo ya tafiti kubwa nne zilizopima dawa mpya dhidi ya warfarini. Zilipojumlishwa zilikuwa na wagonjwa 71,683. Dawa mpya zilipunguza kiharusi na mabonge ya damu kwa asilimia 19 zaidi ya warfarini, na kiharusi cha kuvuja damu kilipungua kwa karibu nusu. Tena mgonjwa hakuhitaji kupimwa damu mara kwa mara. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Lakini wagonjwa wale walikuwa wengi wao wazee wa miaka 70 na zaidi, ambao mioyo yao ilichoshwa na umri, shinikizo la damu na kisukari. Wenye vali ya mitrali (iliyo kati ya atiria na ventrikali ya kushoto) iliyosinyaa sana kwa homa ya baridi yabisi hawakuruhusiwa kushiriki. Kwa maneno mengine, kundi lililo katika hatari kubwa kuliko yote ndilo lililoachwa nje.

Na kundi hilo si dogo kwetu. Utafiti wa REMEDY, ulioongozwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini na wenzake, uliorodhesha wagonjwa 3,343 wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi katika nchi 12 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen. Nusu yao hawakuwa wamevuka miaka 28. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mtetemo wa atiria.

Madaktari walijikuta njia panda. Je, wawape wagonjwa hawa dawa mpya kwa sababu tu iliwafaa wazee wa Ulaya na Marekani? Ili kupata jibu ilibidi wagonjwa wenyewe wafanyiwe utafiti.

INVICTUS ilivyojibu

INVICTUS ilifanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wagonjwa 4,531 waliingizwa katika hesabu ya mwisho. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 50, na asilimia 72 walikuwa wanawake. Waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa rivaroksabani na jingine warfarini au dawa ya jamii yake, kisha wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 3.

Katika kundi la rivaroksabani, wagonjwa 560 kati ya 2,275 walipata kiharusi, bonge la damu mwilini, shambulio la moyo au walikufa kwa sababu zinazohusu moyo na mishipa au zisizojulikana. Katika kundi la warfarini walikuwa 446 kati ya 2,256. Wa warfarini waliishi, kwa wastani, siku 72 zaidi katika kipindi kilichopimwa. Kutoka damu kwa kiwango cha hatari hakukutofautiana kwa namna ya kutilia maanani. Inafaa pia kusema kwamba utafiti huo uligharimiwa na Bayer, kampuni inayotengeneza rivaroksabani, na bado matokeo yake yalichapishwa wazi.

Sababu za ushindi wa warfarini bado zinajadiliwa. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na vifo vya ghafla na vya moyo kushindwa kufanya kazi, si kiharusi peke yake. Walioacha dawa moja kwa moja walikuwa wengi zaidi upande wa rivaroksabani. Wa warfarini nao walionana na wahudumu mara nyingi zaidi kwa ajili ya vipimo, ingawa hilo peke yake halitoshi kueleza pengo lote.

Dawa nzuri, huduma pungufu

Warfarini ni dawa ya bei nafuu lakini inataka uangalizi. Ikizidi, mgonjwa hutoka damu. Ikipungua, damu huganda. Ndiyo maana kuna kipimo cha INR cha kuonyesha kasi ya damu kuganda, ambacho kwa wagonjwa wengi kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Mboga za majani zenye vitamini K kwa wingi, kama mchicha, matembele na kisamvu, hupunguza nguvu ya dawa. Hilo halina maana kwamba mgonjwa aache mboga. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huidhoofisha warfarini sana. Aspirini na diklofenaki huongeza hatari ya kutoka damu. Na kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo, mwanamke anayetarajia kushika mimba anapaswa kuzungumza na daktari mapema.

Hapa ndipo penye kasoro yetu. Katika REMEDY, kati ya walioandikiwa dawa za kuzuia damu kuganda, asilimia 28 tu ndio waliokuwa na INR katika kiwango kinachotakiwa. Katika INVICTUS, theluthi moja tu walikuwa katika kiwango hicho mwanzoni, lakini kwa kufuatiliwa walifika kati ya asilimia 56 na 65. Hata huo si udhibiti kamili, na bado warfarini iliokoa maisha. Kinachokosekana ni kipimo kilicho karibu na mgonjwa na mhudumu wa kumfuatilia.

Kinga huanzia kooni

Homa ya baridi yabisi huanza na maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka. Kinga ya mwili, katika kupambana nao, huzishambulia pia vali za moyo. Mtoto anaweza kupona koo na kuendelea kucheza huku vali ikiharibika polepole kwa miaka.

Uganda imeonyesha kwamba safari hiyo inaweza kukatizwa. Katika utafiti wa GOAL, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2021, watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waliokutwa na dalili za awali za kuharibika kwa vali kwa kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Kwa waliofuatiliwa hadi mwisho, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa sindano, na kwa 33 kati ya 400 ambao hawakuchomwa.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto anayelalamika koo pamoja na homa mpeleke kituo cha afya, na akiandikiwa dawa amalize dozi. Ukihisi mapigo ya moyo wako hayana mpangilio, omba kipimo cha umeme wa moyo (ECG). Unayetumia warfarini, usiiache wala kuibadilisha kwa ushauri wa jirani au wa duka la dawa. Muulize daktari wako, na kila siku ya kliniki uliza INR yako ni ngapi. Na nyinyi mnaopanga bajeti za afya, fikisheni kipimo cha INR hadi hospitali za wilaya, kwa sababu dawa iliyoshinda katika utafiti haitamwokoa mgonjwa asiyeweza kupimwa.