Kipozeo cha kiwandani au cha kubadilishia: Fedha iende wapi?

Mfanyabiashara anayenunua kompyuta za kuhariri video, kuchora ramani za majengo au kuendesha ukumbi wa michezo huuliza kwanza bei ya kadi ya grafiki na ukubwa wa kumbukumbu yake. Kipozeo huachwa bila kuulizwa. Hata hivyo, kipozeo ndicho kinachoamua kama kadi itafanya kazi kwa kasi iliyolipiwa, na kama mteja atavumilia kukaa karibu nayo.

Umeme unaoingia katika kadi huishia kuwa joto. Kadi ya GeForce GTX 480, iliyotolewa Machi 2010, ilikadiriwa wati 250. RTX 4090 ya mwaka 2022 ilifikia wati 450, na RTX 5090 ya Januari 2025 wati 575. Kipozeo hakiliondoi joto hilo duniani. Hulitoa kwenye chipu na kulipeleka hewani. Tofauti kati ya kipozeo na kingine ni eneo la mapezi yake, idadi ya mirija na mwendo wa feni.

Mfano unaojulikana sana ni Radeon R9 290X ya kampuni ya AMD, iliyoingia sokoni Oktoba 2013 kwa dola 549. Kipozeo chake cha kiwandani kilikuwa na feni moja ya kupuliza, inayosukuma hewa ya moto nje kupitia nyuma ya kompyuta. Chipu iliruhusiwa kufika nyuzi 95 za Selsiasi. Ikifika hapo, hupunguza kasi yake chini ya megahezi 1,000 zilizotangazwa. Mnunuzi alipewa swichi: feni iishie asilimia 40 ya nguvu yake, au asilimia 55. Kwa maneno mengine, alichagua kati ya kupoteza kasi na kuvumilia kelele.

Hapo ndipo vipozeo vya kubadilishia vilipopata soko. Accelero Xtreme III ya kampuni ya Arctic ilikuwa na feni tatu za milimita 92 na ilikadiriwa kuhimili wati 300. Morpheus ya Raijintek ilikuwa na mirija 12, ikakadiriwa wati 360, lakini iliuzwa bila feni. Siri yao si kubwa. Mapezi yakiwa mengi, feni zinaweza kuzunguka taratibu na bado joto likaondoka. Sauti ikishuka kwa desibeli 10, sikio huihisi kama imepungua kwa nusu.

Lakini faida hiyo ina gharama zake. Kwanza, hewa ya moto hubaki ndani ya sanduku, hivyo feni za sanduku nazo lazima ziwe nzuri. Pili, kipozeo hicho huchukua nafasi ya kadi mbili au tatu. Tatu, fundi akisahau kupoza chipu za kumbukumbu na vidhibiti umeme, kadi inaweza kuungua hata kama chipu kuu ni baridi. Nne ni waranti. Nchini Marekani, tume ya biashara ya serikali kuu iliyaonya makampuni matatu Julai 2024 kuhusu stika zinazodai kuwa waranti hufa zikibanduliwa. Mnunuzi aliye nje ya Marekani hana budi kusoma masharti ya muuzaji wake kabla ya kushika bisibisi.

Aidha, hali ya soko imebadilika. Kuanzia RTX 20 za mwaka 2018, Nvidia iliweka feni mbili kwenye kadi zake yenyewe za michezo badala ya moja ya kupuliza. Mwaka 2021, ASUS ilitoa RTX 3070 yenye feni za Noctua, zinazosifiwa kwa utulivu. Kwa hiyo pengo lililokuwapo mwaka 2013 limepungua, na kwa kadi mpya ni nafuu kulipia toleo lenye kipozeo kizuri tangu kiwandani. Feni moja ya kupuliza bado ina kazi yake pale kadi kadhaa zinapobanwa katika sanduku moja.

Jambo jingine ni hali ya hewa. Kadi iliyopimwa nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 22 imepanda nyuzi 48. Katika chumba cha nyuzi 32, hali ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, kadi hiyo hiyo itakaribia nyuzi 80 feni ikizunguka vilevile. Anayesoma vipimo vya Ulaya aongeze tofauti hiyo kabla ya kulipa.

Kwa mwenye kadi za mtumba, hasa zilizochimba sarafu ya Ethereum kabla uchimbaji huo haujakoma Septemba 2022, hatua ya kwanza si kununua kipozeo kipya. Asafishe vumbi, abadilishe grisi ya kupitisha joto, na abadilishe feni zinazokwaruza. Baada ya hapo apime upya kwa saa nzima kadi ikiwa kazini. Kama kasi bado inashuka au kelele inafukuza wateja, kipozeo cha kubadilishia kina hoja, mradi bei yake pamoja na feni na ufundi haizidi tofauti ya kuuza kadi hiyo na kununua bora. Ikizidi, rahisi itakuwa ghali.