Mpanda na mwaka wa korona: Soka lilizima, kisha likatusogelea

MACHI 8, 2020 Bernard Morrison alipiga faulo, Yanga wakaifunga Simba bao 1-0, na kuanzia Makanyagio hadi Nsemulwa watu wa Msimbazi wakatafuta njia za uchochoroni kurudi nyumbani. Siku tisa baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kusimamisha michezo kwa siku 30. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilikuwa kimetangazwa siku moja kabla, Arusha.

Tuseme ukweli, kwa Wanayanga ilikuwa kama zawadi. Umemfunga mtani, halafu dunia nzima inasimama. Mtu wa Simba angejibu nini wakati mechi ya kujibia haipo? Utani ule uliliwa miezi minne mizima.

Lakini baada ya wiki mbili tatu hata utani ulichacha. Kumcheka mtani kunahitaji mechi inayofuata, la sivyo mnabaki watu wawili kijiweni mnarudia maneno yaleyale. Mmoja anazungumzia bei ya mchele, mwingine anauliza kama umepiga nyungu leo.

Kwa shabiki wa Dar es Salaam, ligi kusimama kulimaanisha kukosa kwenda uwanjani. Kwa shabiki wa Mpanda ilikuwa habari nyingine. Tangu mkoa wa Katavi uanzishwe mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, haujawahi kuwa na timu Ligi Kuu. Uwanja wa Taifa, kama ulivyoitwa wakati ule, uko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Mpira wa huku ni kibanda umiza: benchi za mbao, kuta za turubai, kiingilio cha mia kadhaa, na wewe na mtani wako mmebanana goti kwa goti.

Sasa hesabu wanaokula kwenye benchi hizo. Yupo mwenye kibanda, mama wa karanga na kahawa mlangoni, muuza chipsi ng'ambo ya barabara, na bodaboda anayesubiri dakika ya 90 ili awarudishe watu Kawajense au Ilembo. Hakuna hata mmoja kati yao anayetajwa kwenye mkataba wa haki za televisheni. Klabu zilipolia kwamba hazina mapato ya milangoni, sisi waandishi tuliandika. Mama wa karanga hakuandikwa na mtu.

Hapo ndipo wengi walijifunza kitu ambacho hakuna kocha angewafundisha: kipato chako kikitegemea ratiba iliyopangwa na mtu usiyemjua, mtu huyohuyo anaweza kuizima usiku mmoja. Hakukuwa na fidia wala mechi ya kiporo kwa muuza kahawa. Bahati ya Katavi ni kwamba mpunga na mahindi havikusimama. Mwenye shamba alikuwa na pa kukimbilia. Aliyekuwa na kibanda tu alibaki anakitazama.

Wazee wa mikeka nao walihangaika. Ulaya ilipozima walihamia Belarus, na kijana ambaye hajawahi kuiona nchi hiyo kwenye ramani akawa anakuchambulia BATE Borisov kama jirani yake. Burundi nao waliendelea kucheza wiki kadhaa wakati karibu Afrika nzima imefunga. Kwa watu wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzia kwa wakimbizi wa mwaka 1972 kutoka Burundi, hiyo haikuwa ligi ya mbali hata kidogo.

Wanaoniuma zaidi ni watoto. Shule zilifungwa Machi, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. UMITASHUMTA ya mwaka huo ikafa. Mtu mzima aliyekosa ligi alisubiri, ikarudi. Mtoto wa darasa la saba mwaka 2020 hakuwa na UMITASHUMTA nyingine ya kusubiri. Huku kwetu, ambako maskauti wa klabu kubwa hawafiki, michezo ile ya shule ni karibu mlango pekee wa kijana kuonekana nje ya mkoa. Kizazi kimoja kiliruka bila kuonekana, na sijasikia kikao chochote kikijadili namna ya kukirudia.

Ligi ilirejea Juni 13. Kumbuka mpango wa kwanza ulikuwa kuzikusanya timu zote za Ligi Kuu Dar es Salaam zimalizie msimu huko. Ulibadilishwa, timu zikacheza nyumbani na ugenini kama kawaida. Nashukuru. Mpango ule ulikuwa unasema waziwazi kwamba mkwamo ukitokea, mikoa ndiyo ya kwanza kukatwa.

Julai 12 Simba walilipa deni lao: 4-1 dhidi ya Yanga, nusu fainali ya Kombe la FA. Ile miezi minne ya kicheko iliisha ndani ya dakika 90.

Fainali ilipigwa Agosti 2 kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Sio Dar, sio Mwanza. Kwa mtu wa Mpanda hiyo ni safari ya kupita Sitalike, ukakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ukatokea Rukwa. Simba bingwa wa ligi, dhidi ya Namungo ya Ruangwa iliyokuwa na msimu wake wa kwanza Ligi Kuu. Luis Miquissone akafunga, John Bocco akafunga, Namungo wakarudisha moja, ikaisha 2-1. Watu waliozoea kuwaona Miquissone na Bocco wakiwa na ukubwa wa kidole kwenye skrini sasa waliweza kuwaona wazima wazima.

Wala haikuishia hapo. Msimu uliofuata Tanzania Prisons waliuhamishia uwanja wao wa nyumbani hapohapo Nelson Mandela. Oktoba 22 Simba wakarudi Sumbawanga na kufungwa 1-0, bao la Samson Mbangula. Desemba 31 Yanga wakatoka sare ya 1-1. Mwaka ulioanza kwa kutunyang'anya mpira ukamalizika na vigogo wote wawili wakiwa wamepita jirani kabisa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado upo. Takwimu rasmi zilisema wagonjwa 509 na vifo 21, kisha zikaacha kutolewa, na ndoo za kunawia zikarudi kuwa ndoo za kawaida. Namungo ndio waliokumbushwa vibaya. Kwa kuwa Simba walibeba vikombe vyote viwili, fainali ile ya Sumbawanga iliwapa Namungo tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Februari 2021 walitua Angola kucheza na Primeiro de Agosto, vipimo vikaonyesha baadhi yao wana korona, wakawekwa karantini na mechi haikuchezwa. CAF ikaamua mechi zote mbili zipigwe Dar es Salaam. Namungo wakashinda 6-2, wakafungwa 3-1, wakaingia makundi kwa jumla ya mabao 7-5.

Prisons walisharudi Mbeya. Katavi bado haina timu Ligi Kuu.