Kiti cha bosi wa EWURA ni kaa la moto, na sisi wa Mabamba linatuhusu



Huku Mabamba mafuta yakipanda bei tu, kijiweni utasikia "EWURA hao, wametupiga tena!" Bodaboda anaongeza nauli ya Kibondo mjini na lawama zote zinaenda kwa watu ambao wengi wetu hata kazi yao hatuijui vizuri. Leo nataka tuiangalie kazi ya bosi wao, yaani Mkurugenzi Mkuu.

EWURA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, ikaanza kazi 2006. Inasimamia umeme, mafuta, gesi asilia na maji: inatoa leseni, inakagua ubora na inapitia bei. Hela zake hazitoki hazina tu kama idara ya wizara. Kampuni inazozisimamia zinakatwa tozo isiyozidi asilimia 1 ya mapato yao. Lengo ni isiwe ya kupiga magoti kwa mtu. Na bosi haamui peke yake, Bodi ndiyo inapitisha.

Tuanze na mafuta. Tangu 2009 EWURA inatangaza bei kikomo, siku hizi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei hiyo haitoki kichwani kwa mtu. Wanachukua bei ya soko la dunia, usafiri wa meli, thamani ya shilingi kwa dola, kodi, gharama za bandari, faida ya muuzaji, halafu usafiri wa lori mpaka kwako. Ndiyo maana orodha ina mji mmoja mmoja. We fikiria lori litoke Dar mpaka Kibondo, hiyo safari lazima mtu ailipie, na anayeilipia ni wewe.

Kwenye umeme ni tofauti. TANESCO wakitaka kupandisha lazima wapeleke maombi. EWURA wanaita mkutano wa taftishi, wananchi wanasema, na Baraza la watumiaji (EWURA CCC) linatutetea. Cheki matokeo: 2008 TANESCO waliomba asilimia 40, wakapewa 21.7. 2012 waliomba 155, wakapewa 40.29. 2014 waliomba 67.87, wakapewa 39.19. Ndiyo, bei ilipanda na iliuma. Ila bila mtu wa kukagua mahesabu yao, si tungelipa walichoomba?

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe.

Bosi wa kwanza alikuwa Haruna Masebu. Agosti 2011 EWURA ilishusha bei ya mafuta, kampuni zikagoma kuuza, nchi ikakauka. Watu walipanga foleni na madumu. EWURA ikaisimamisha BP kwa miezi mitatu kwa kukaidi amri yake. Hapo presha ilitoka kwa wafanyabiashara wakubwa.

Akafuata Felix Ngamlagosi, mchumi aliyepanda cheo humo humo ndani. Yeye presha ilimjia kutoka upande mwingine. Mwishoni mwa Desemba 2016, baada ya taftishi na mahesabu yote, EWURA ilitangaza kuipa TANESCO ongezeko la asilimia 8.53 badala ya 18.19 waliyoomba. Lilikuwa lianze Januari mosi 2017. Tarehe 31 Desemba Waziri wa Nishati, Profesa Sospeter Muhongo, akalisimamisha. Siku iliyofuata Rais Magufuli akamfukuza kazi mkurugenzi wa TANESCO, Felchesmi Mramba. Mramba baadaye alirudi akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati. Ngamlagosi naye hakuumaliza mwaka 2017 akiwa kwenye kiti.

Wengi tulishangilia, nani anapenda bei ipande? Lakini tujiulize. Kama uamuzi uliofuata sheria unafutwa kwa siku moja, bosi anayekuja atathubutu kusema ukweli wa mahesabu? Umeme una gharama zake hata kama bei haijapanda. TANESCO akiuza kwa hasara, wa kwanza kukosa nguzo na transfoma ni sisi wa pembezoni, siyo Masaki. Wilaya zetu za Kibondo na Kasulu zimekaa miaka na majenereta ya dizeli, gridi ya taifa imekuja kutufikia juzi juzi tu, mwaka 2022.

Upande wa pili, bosi akiwa rafiki wa kampuni, tutanyonywa kwenye pampu na kwenye luku. Kwa hiyo anayetufaa ni yule anayeweza kuwaambia hapana wote wawili, mwenye kampuni na mwanasiasa, halafu kesho yake akaamka bado ana kazi.

Tufanye nini? Moja, bei ikitoka, fungua orodha, soma mstari wa Kibondo. Kituo kikikuuzia juu ya hapo kimevunja sheria. Mbili, ukiwa na lalamiko anza kwa mtoa huduma kwa maandishi, wakikukalia kimya nenda EWURA. Hata uamuzi wa EWURA unakatiwa rufaa Baraza la Ushindani. Tatu, vijana mnaosoma uchumi, sheria, uhasibu na uhandisi, hii kazi ipo na inahitaji watu wanaojua Mabamba iko wapi.

Tusiishie kulalamika kijiweni. Naomba kuwasilisha.