Kwa nini riadha imestawi katika vyuo vidogo vya Marekani

SALLY Kipyego alipowasili Marekani mwaka 2005, hakupokelewa na chuo kikuu chenye jina kubwa. Alianzia South Plains College, chuo cha jamii kilichoko Levelland, mji mdogo wa magharibi mwa jimbo la Texas. Kutoka hapo alihamia chuo kikuu cha Texas Tech, akatwaa mataji tisa ya kibinafsi ya vyuo vikuu na kuhitimu uuguzi, kisha akanyakua nishani ya fedha katika mbio za mita 10,000 kwenye Olimpiki za London mwaka 2012.

Njia hiyo haikuwa ya Wakenya peke yao. Mwamerika Tyson Gay na Veronica Campbell wa Jamaika walipitia chuo cha jamii cha Barton, jimboni Kansas.

Chuo cha jamii ni taasisi ya umma ya miaka miwili, yenye karo nafuu na masharti mepesi ya kujiunga. Mwanafunzi husomea ufundi, au hukamilisha nusu ya shahada kisha akahamia chuo kikuu. Aliyekosa masomo ya sekondari yanayodaiwa na NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vikuu, hupata hapo nafasi ya pili.

Vyuo hivi vina shirika lao, NJCAA, lililoasisiwa California mwaka 1938 kwa ajili ya riadha hasa. Wanawake walianza kuandaliwa mashindano yao mwaka 1975, na leo shirika hilo lina wanachama zaidi ya 500.

Ukuaji huo una sababu ya kifedha, ingawa aghalabu hutajwa kwa sauti ya chini. Chuo cha mashambani kinachopungukiwa na wanafunzi huanzisha timu ili kujaza madarasa. Riadha nayo si ghali: kocha mmoja aweza kuwa na wakimbiaji wale wale katika mbio za nyika, za ukumbini na za uwanjani. Fauka ya hayo, muda wa mkimbiaji hauhitaji mkalimani. Kocha wa Kansas ausomapo muda uliopimwa vyema Eldoret, anajua anachokipata.

Ni mkimbiaji ambaye huenda asijue anachokipata. Neno "ufadhili" lina maana tofauti katika kila daraja la NJCAA. Daraja la kwanza laweza kulipia karo, vitabu, malazi na chakula. La pili hukomea kwenye karo, ada na vitabu. La tatu halitoi ufadhili wowote wa michezo. Kijana aliyeahidiwa "ufadhili" bila kutajiwa daraja hana budi kuuliza nani atalipia kitanda na chakula chake, na iwapo msaada huo utaendelea akiumia. Viza ya mwanafunzi humtaka asome kikamilifu kila muhula, nayo humbana sana katika kutafuta kazi nje ya chuo. Kwa hivyo, goti likiharibika, pengo la karo si rahisi kuzibwa kwa kibarua.

Lipo pia suala la muda. Kwa miaka mingi NCAA imehesabu misimu ya chuo cha jamii kama sehemu ya ile inayomruhusu mwanamichezo kushindana. Mnamo Desemba 2024, jaji jimboni Tennessee alimpa Diego Pavia, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, afueni dhidi ya kanuni hiyo. NCAA ikawaruhusu wengine waliokuwa katika hali kama yake kushindana msimu wa 2025-26, lakini ruhusa hiyo ilikuwa ya mwaka mmoja tu.

California, ilikozaliwa NJCAA, sasa ina utaratibu wake kando. Vyuo vya jamii vya huko havitoi ufadhili wa michezo, na mwanariadha kutoka ng'ambo hutozwa karo inayozidi ya mkazi mara kadhaa.