Mali Bila Daftari: Mtandao wa Watafiti wa Misitu ya Udzungwa na Faida Yake kwa Visiwani

Mwananchi anapowasha taa nyumbani kwake Mwanakwerekwe au Makunduchi, ni nadra kumjia fikra za mji wa Ilula. Wengi wa wakaazi wa Unguja hawajafika huko. Wanaoufahamu wanaujua kwa nyanya na vitunguu vinavyopangwa kando ya barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia, baada ya gari kumaliza kupanda mlima wa Kitonga na kabla ya kuingia Iringa mjini. Hata hivyo, baina ya taa hiyo na milima ya Udzungwa, iliyo kusini-mashariki ya Ilula, upo uhusiano ambao unastahiki kufahamika kwa watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla. Uhusiano huo ni wa maji. Na kazi ya kujua iwapo chemchemi za maji hayo ziko salama inafanywa na watu wachache wenye subira, ambao kila mwaka huingia misituni kuhesabu miti na wanyama. Makala haya yanaeleza kazi hiyo na mafunzo yake.

Njia ya maji hadi Fumba

Ilula imo katika Wilaya ya Kilolo, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Iringa. Nyanda za juu na misitu ya wilaya hiyo ni chanzo cha mito mingi. Mto Lukosi hukusanya maji ya upande wa kaskazini na kuyashusha hadi Mto Ruaha Mkuu, ambao huendesha mitambo ya umeme ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204. Maji ya upande wa kusini huteremka katika bonde la Kilombero. Hatimaye pande zote mbili hukutana katika Mto Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere, lililosanifiwa kutoa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024.

Umeme huo huingia katika gridi ya Taifa, na sehemu yake huvuka bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa waya uliolazwa chini ya maji. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Wakaazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa kilichotokea baina ya waya hizo mbili: kiza cha mwezi mmoja hivi mwaka 2008, na kile cha miezi mitatu kilichoanza Disemba 2009 hadi Machi 2010. Visima vilikosa pampu, samaki waliharibika, na biashara nyingi zilisimama. Ni kweli kwamba chanzo cha misiba hiyo kilikuwa ni hitilafu ya vifaa na wala si upungufu wa maji. Lakini funzo lake ni moja: kitu kisichoonekana, kilicho mbali na macho, kinaweza kuwa ndicho kilichobeba maisha ya watu, na wenyewe wasitambue mpaka kiharibike.

Waya ukikatika, mafundi huitwa na siku ya kukatika hujulikana. Msitu haukatiki kwa siku moja. Hupungua kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na kila kizazi hudhani kwamba hali kiliyoikuta ndiyo hali ya asili. Mfano ulio wazi ni huo huo Mto Ruaha Mkuu. Hapo kabla, mto huo ulitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka katika sehemu hiyo wakati wa kiangazi, na sababu kubwa iliyotajwa ni matumizi ya maji katika tambarare za Usangu, mkoani Mbeya. Mwaka huo unaweza kutajwa kwa yakini kwa kuwa walikuwepo waliokuwa wakiandika. Bila ya maandishi, yangebaki masimulizi ya wazee kwamba zamani maji yalikuwa mengi.

Misitu isiyokwisha kujulikana

Milima ya Udzungwa ni sehemu ya safu iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia nyanda za juu za Iringa. Misitu yake imedumu kwa mamilioni ya miaka, na kila mlima umekuwa mfano wa kisiwa, wenye viumbe vyake visivyopatikana pengine. Hali hii si ngeni kwa watu wa Visiwani, ambao nao wana kima punju, asiyepatikana kwa asili pahala pengine popote duniani.

Hata wataalamu waliishangaa misitu hiyo. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa kambini katika milima hiyo waliona ndani ya sufuria ya mboga miguu ya ndege wasiyemtambua. Ndege huyo alikuwa ni aina ya kwale asiyejulikana katika elimu ya viumbe, na jamaa zake wa karibu wako Bara la Asia. Mwaka 2003, katika misitu ya Mlima Rungwe mkoani Mbeya, watafiti wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori (WCS) wakiongozwa na Tim Davenport walimfuatilia nyani mdogo wa mitini ambaye wawindaji wa huko walikuwa wakimtaja kwa jina la kipunji. Mwaka uliofuata, watafiti wengine walimwona mnyama huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, wilayani Kilolo, bila ya makundi hayo mawili kujuana habari. Walitangaza kwa pamoja mwaka 2005, na jina la kienyeji likaingizwa katika jina lake la kisayansi. Mwaka huo huo kamera iliyofungwa katika msitu wa Ndundulu ilimpiga picha sengi mkubwa mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo wa pua ndefu, ambaye hakuwa katika orodha yoyote. Alitangazwa rasmi mwaka 2008.

Ni vyema ikazingatiwa kwamba kipunji hakuwa mgeni kwa wenyeji wake. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza na kuyaandika majibu yao.

Namna hesabu inavyofanywa

Kumwona mnyama mara moja ni habari. Kujua iwapo anaongezeka au anapungua ni kazi ya miaka. Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 kilifunguliwa Kituo cha Ufuatiliaji wa Ikolojia cha Udzungwa, huko Mang'ula, penye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Kituo hicho kiliundwa kwa ushirikiano wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na makumbusho ya sayansi ya mji wa Trento, Italia, na mtafiti Francesco Rovero alikuwa miongoni mwa waasisi wake.

Kuanzia mwaka 2009 Udzungwa iliingia katika mtandao wa kimataifa wa ufuatiliaji wa misitu ya joto uliojulikana kwa jina la TEAM, uliokuwa na vituo Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati. Sharti kubwa la mtandao huo lilikuwa moja, nalo ni kwamba wote wahesabu kwa utaratibu mmoja. Kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita huwekwa katika sehemu 60, zile zile kila mwaka, wakati wa kiangazi, na kila moja huachwa kwa siku 30. Katika viwanja vya hekta moja moja, kila mti wenye unene wa sentimita 10 au zaidi hupewa namba ya kibati na kupimwa. Mvua na joto huandikwa. Kwa utaratibu huo, tarakimu iliyoandikwa Mang'ula inaweza kuwekwa ubavuni mwa iliyoandikwa Brazil au Indonesia na zikalinganishwa kwa haki, kama mizani mbili zilizokaguliwa kwa jiwe moja.

Matunda ya kazi hiyo yalionekana mwaka 2016, yalipochapishwa matokeo ya hifadhi 15 za mabara matatu, yakihusu aina 244 za wanyama na ndege. Katika makundi 511 yaliyochunguzwa, asilimia 22 yalikuwa yakipungua, asilimia 17 yakiongezeka, na asilimia 22 yamebaki kama yalivyo. Yaliyosalia yalionekana mara chache mno hata isiwezekane kuyatolea hukumu. Habari hizo si za kukatisha tamaa: zilionesha kwamba katika hifadhi hizo hapakuwa na maangamizi ya jumla kama ilivyohofiwa. Wala si za kuridhika, kwani kundi moja katika kila matano lilikuwa likipungua.

Ndani ya Udzungwa kwenyewe, hesabu ilitoa onyo kali zaidi. Msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa, ulilinganishwa na msitu wa ukingo wa Uzungwa ulio kusini zaidi, ambao kwa miaka mingi ulikuwa na ulinzi hafifu. Katika msitu wa kwanza mbega walibaki. Katika wa pili, uwindaji na ukataji wa miti uliwapunguza hata wakawa adimu kuonekana. Milima ni ile ile na mvua ni ile ile. Tofauti ilikuwa katika ulinzi. Msitu huo wa pili baadaye ulipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Kwa upande wa kipunji, hesabu ya kwanza iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata wanyama takriban 1,100 tu duniani kote, na kati yao wa Ndundulu hawakufika mia. Hesabu iliyofuata, baada ya miaka zaidi ya kumi ya ulinzi na elimu kwa wanavijiji, ilipata zaidi ya 1,900. Lau kama hesabu ya kwanza isingefanyika, hakuna ambaye angejua kwamba juhudi zile zimezaa matunda.

Mafunzo kwa Visiwani

Unguja nayo imepata faida ya kuhesabu. Kwa muda mrefu wakulima wanaopakana na msitu wa Jozani walilalamika kwamba kima punju wanakula nazi changa na kuwatia hasara. Malalamiko hayo hayakupuuzwa, bali yalipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha nazi zilizoliwa na mavuno yaliyopatikana, na haukuona kwamba kuliwa kwa nazi changa kulipunguza mavuno ya mwisho. Kinyume chake, ilielekea kwamba minazi iliyopunguziwa vidaka vyake ilikuza vizuri vile vilivyosalia. Jozani, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Aidha, hesabu ya kisiwa kizima iliyochapishwa mwaka 2019 iliwapata kima punju zaidi ya 5,800, idadi inayozidi mara tatu ya ile iliyokuwa ikidhaniwa. Hesabu hiyo hiyo ilionesha kwamba hali ya watoto wa kima katika sehemu zisizohifadhiwa ni dhaifu, jambo ambalo idadi pekee isingelifichua.

Kutokana na maelezo hayo, yapo mambo matatu ambayo watumishi na wananchi wanafaa kuyazingatia.

Kwanza, daftari la ofisi ni amana. Mtumishi anayeandika kina cha kisima, kiwango cha mvua, uzito wa samaki diko au idadi ya mikoko iliyokatwa, asidhani kwamba anajaza karatasi za kupelekwa stoo. Aandike tarehe, mahala na namna alivyopima, ili atakayeshika nafasi yake aendelee kwa utaratibu ule ule. Hesabu iliyobadilishwa kipimo katikati haifai kulinganishwa, na isiyolinganishwa haifai kuamulia jambo.

Pili, mtafiti anayekuja Visiwani kwa kibali apokewe kwa wema, na ripoti yake idaiwe kwa adabu. Tarakimu zilizokusanywa Pete au Micheweni zina haki ya kurudi huko kwa lugha inayofahamika, ili masheha, walimu wa skuli na kamati za vijiji wazitumie.

Tatu, mwananchi ajue kwamba elimu yake ina thamani. Mvuvi anayetambua kwamba aina fulani ya samaki imetoweka, au mkulima aliyeona chemchemi imekauka mwezi ambao haikuwa ikikauka, ana habari sawa na ile waliyokuwa nayo wawindaji wa Rungwe kabla ya mwaka 2003. Habari hiyo ifikishwe kwa sheha au kwa afisa wa misitu, uvuvi au maji aliye karibu, ikiwa na siku na pahala.

Mkulima wa Ilula anayemwagilia nyanya zake kwa maji ya mto, na mama wa Makunduchi anayewasha taa baada ya magharibi, hawajuani. Lakini wote wawili wanategemea milima ambayo haiwezi kusema hali yake wenyewe. Inasemewa na wale wanaopanda kila kiangazi kufunga kamera 60 katika miti ile ile. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Misitu, maji na bahari ni mali iliyo kubwa kuliko ya duka lolote, na daftari lake halina budi kuandikwa kila mwaka.